Kufanya Emil

Jumamosi ya pili ya Juni, saa mbili na robo asubuhi, Gus Pflueger alifungua mlango wa nyuma wa gari lake kwenye maegesho ya Harkness Grove, bustani ya burudani iliyoko magharibi mwa Pennsylvania, akaanza kugawa beji. Watu walikuwa arobaini na beji zilikuwa arobaini na moja. Hakukuwa na kosa lolote. Beji ya ziada ilikuwa ya Emil Hudak, ambaye hajawahi kuja kuichukua kwa sababu alikufa miaka ishirini na sita iliyopita. Gus alimwandalia kila mwaka, akairudisha nyumbani kila mwaka, na mkewe akaitupia kwenye kopo la biskuti pamoja na zile za zamani.

Hao walikuwa wanachama wa klabu ya wapenda rolakosta, zile treni za burudani zinazopanda milima ya reli na kuporomoka kwa kasi. Walitoka Ohio na Virginia Magharibi, wengine wakiendesha gari usiku kucha, ili wakapande treni inayowarudisha palepale walipopandia. Walivaa fulana za rolakosta zilizokwisha kubomolewa, kama watu wengine wanavyovaa fulana za marehemu wao. Gus alikuwa amepanda rolakosta mia sita na kumi na mbili, zote ameziandika daftarini, na yeyote ambaye hajafika mia alimwita mtoto wa bembea.

Loretta Hudak alifika wa mwisho. Alikuwa na miaka hamsini na minane, dereva wa basi la shule, na mkononi alibeba bakuli lililofunikwa kwa karatasi ya fedha.

"Umechelewa dakika nne, Lori," Gus akamwambia. "Ningekuwa wewe ningezama ardhini kwa aibu."

"Uzame wewe, Gus, ardhi ipasuke? Nipe beji yangu."

Gus akampa. Akamsogelea, akashusha sauti. "Leo utamuuliza?"

"Niache, bwana."

"Hakuna mwaka mwingine, mama."

"Najua. Nimesema niache."

Ilikuwa kweli. Vuli ikifika, Nyigu ingevuliwa mbao zake zote na kuvikwa reli za chuma, na ingeendeshwa na kompyuta. Nyigu ndiyo rolakosta kongwe ya pale, ya mbao tupu, iliyopakwa rangi ya njano mara nyingi hata rangi yenyewe ikawa nene kama siagi. Breki zake zilikuwa bado za mkono. Mzee Orville Tate alisimama stesheni akiwa ameshika mpini wa mbao unaomfika kifuani, na treni ikirudi aliuvuta kwa uzito wa mwili wake wote. Kazi hiyo aliianza akiwa na nywele.

Emil Hudak, baba yake Loretta, alikuwa mkagua reli wa Nyigu. Kila siku kabla ya bustani kufunguliwa alitembea juu ya reli yote, milima na mabonde, na nyundo na spana, akigonga mbao na kuzisikiliza. Kazi hiyo ina desturi yake. Kila mkagua reli ana kufuli lake lenye jina lake na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo anauvaa shingoni. Kabla ya kupanda analifunga kufuli kwenye swichi ya mnyororo unaovuta treni mlimani. Kufuli likiwa pale, treni haipandi hata aje rais. Akimaliza, analifungua mwenyewe kwa mkono wake, kisha anapaza sauti: "Nimeshuka!" Mshika breki naye anajibu kwa sauti: "Umeshuka!" Hapo tu ndipo treni inaruhusiwa kuondoka.

Siku aliyokufa Emil, treni ya majaribio ilipanda ikamkuta kileleni. Wachunguzi wa ajali walipofika hawakukuta kufuli kwenye swichi. Kampuni ikaandika kwamba marehemu alisahau kulifunga, na faili likafungwa. Picha yake ikatundikwa kwenye chumba cha wafanyakazi, na kila mwezi wa Mei wafanyakazi wapya walipangwa mbele yake wakaambiwa: huyu alisahau kufuli. Haukupita muda likazaliwa neno. Mkagua reli akisahau kufuli lake, amefanya Emil. Baadaye neno likatoka relini likaenea bustani nzima. Aliyefungia funguo ndani ya gari amefanya Emil. Aliyesahau chumvi kwenye bisi amefanya Emil. Vijana waliolitumia hawakujua hata kama Emil ni mtu. Wengine walidhani ni jina la kosa.

Loretta alilijua neno hilo, na kila alipolisikia alihisi kama amemwagiwa maji baridi mgongoni. Ila kilichomkosesha usingizi si neno. Ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Katika majira yale ya kuchipua, baba yake aliwahi kuweka miwani ndani ya friji, na Pasaka alimwita Loretta kwa jina la shangazi yake mara mbili. Mama yake, Anna, ambaye sasa ana miaka themanini na minane na anaishi kwenye nyumba ya wazee, alikuwa akiapa kwamba mwanamume aliyefunga hadi dirisha la choo hawezi kusahau kufuli. Loretta alikuwa akiitikia tu, "Ndiyo, Mama," huku moyoni akiogopa.

Angeweza kumuuliza mwenyewe. Kila mwaka, siku ya klabu, Emil alipanda Nyigu.

Alianza mwaka uliofuata baada ya kifo chake, na klabu ililipokea jambo hilo bila maneno mengi. Treni ilipofika kileleni mwa mlima wa kwanza, Emil alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho kabisa, upande wa kushoto, na suruali yake ya kazi na kofia. Treni ilipogusa breki, hakuwepo. Kati ya kilele na breki kuna sekunde sabini na mbili. Watu wa klabu waligombania kiti cha nyuma kuliko kitu chochote duniani, maana ndicho kinachorusha vizuri zaidi, ndipo makalio yanapoachana na kiti kwa sekunde nzima na roho inabaki juu. Lakini siku ile hakuna aliyekigusa. Ilikuwa saa moja ya klabu peke yao, saa tatu hadi saa nne kabla ya umma kuingia, na kwa saa hiyo yote kiti cha nyuma kilikuwa cha Loretta na baba yake. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Kila mwaka Loretta aliwaletea pirohi, maandazi ya viazi ya mama yake, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwashukuru.

Saa tatu kamili Orville akasukuma mpini, treni ikatoka. Mnyororo ukaikamata, ikapanda ikikereza. Kileleni Emil alikuwepo.

"Umenenepa," akasema.

"Asante, Baba, nawe hujambo!"

Wakaanguka. Loretta akapiga kelele kama kawaida yake, Emil akashika kofia. Mlima wa pili akauliza Anna anaendeleaje, wa tatu Loretta akajibu kwamba magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima, na kwenye kona ya mwisho wote wawili wakacheka. Kisha breki, na kiti kikawa kitupu.

Hivyo ndivyo walivyozungumza miaka ishirini na mitano, vipande vya sekunde sabini na mbili. Talaka ya Loretta ilichukua mizunguko minne. Kuzaliwa kwa mjukuu kulichukua mmoja, kwa kuwa Emil alilia na hakuna lililosemwa tena.

Mzunguko wa tano Loretta akamwambia habari za reli za chuma.

"Chuma?" Emil akapiga kelele wakiwa hewani. "Chuma hakisemi kitu! Utajuaje kinaumwa?"

"Ndiyo wameamua, Baba!"

"Ala! Haya. Bustani ni yao."

Hakuonekana kuhuzunika sana. Loretta ndiye aliyehuzunika, kwa wote wawili.

Mzunguko wa tisa stesheni, Gus aliyekaa kiti cha mbele yao aligeuka shingo nzima. "Umeuliza?"

"Bado."

"Wewe mwanamke! Watoto sitini ndani ya basi huwaogopi, unamwogopa mzee mmoja?"

"Watoto sitini hawawezi kuniambia kwamba ni kweli," Loretta akasema.

Gus akageuka mbele. Akashika chuma chake cha mapajani.

Mzunguko wa kumi na moja Loretta alijipiga moyo konde. Alikusudia kuuliza kileleni, lakini kileleni ulimi ulikuwa mzito, na mlima wa pili Emil alikuwa akimwonyesha ubao mmoja ulioanza kuoza. Walipoingia kona ya mwisho ndipo neno likamtoka.

"Baba, ulifunga kufuli?"

Emil akamgeukia, akafungua mdomo. Breki zikalia. Loretta akabaki anatazama ngozi nyekundu ya kiti.

Ilibidi angoje. Watu washuke, wengine wapande, vyuma vya mapajani vishushwe na kukaguliwa kimoja kimoja. Dakika nzima. Kisha mnyororo na kelele zake, taratibu, taratibu, na Loretta ameshika chuma kwa mikono miwili. Kileleni Emil alikuwa na jibu tayari, kama mtu aliyekatishwa na mluzi wa treni akasubiri upite.

"Nilifunga! Nilifunga nikalivuta mara mbili, kama siku zote." Wakaanguka. Alipopata pumzi akaendelea, "Mvua ilikuwa imenyesha, sikutaka kushuka kula nikapanda tena. Nikaenda na kopo langu la chakula juu. Huku kuna mandhari bwana! Nilikuwa nakula pirohi za mama yako. Mwambie chumvi ilitosha, najua aliwaza."

Akavuta uzi wa kiatu aliouvaa shingoni. Ufunguo ulikuwa pale.

Treni ilipoingia stesheni Loretta alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, na uso umejaa furaha. "Alifunga," akamwambia Gus. "Alifunga, alilivuta mara mbili. Alikuwa anakula." Gus akawaambia waliokuwa mbele yake, nao wakawaambia wa mbele yao, habari ikasafiri kiti kwa kiti mpaka ikamfikia Orville Tate kwenye mpini.

Orville alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alisikiliza, akautia mpini kabari, akaenda kwenye kabati lake na kurudi na kopo la chakula la bati. Ndani, chini ya mkate, mlikuwa na kufuli la shaba limefungwa kwenye kitambaa. Pete yake ilikuwa imekatwa. Ubavuni palikuwa pamechongwa HUDAK.

"Dale ndiye aliyelikata," akasema. Dale alikuwa meneja siku zile. "Umma ulikuwa unangoja nje, mvua imekatika. Hakuliona kopo la baba yako kwenye rafu, akasema, Emil ameenda kula nyumbani amesahau kufuli lake. Akachukua mkasi wa vyuma. Kulikuwa na giza mle kwenye swichi. Mimi nilimshikia tochi."

"Na treni?"

"Nilisukuma mimi."

Loretta alimtazama. Alimfahamu tangu utotoni. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la baba yake upande wa kulia. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, akatamani amtie kofi mbele ya klabu nzima. "Miaka ishirini na sita, Orville. Mama yangu amekupikia."

"Ndiyo. Nilikuwa na watoto watatu, nikaambiwa nichague, kunyamaza au kufukuzwa kazi. Baadaye watoto walikua, na mimi nikawa nimeshazoea kunyamaza. Kila siku ninalileta, kila siku ninalirudisha. Sina cha kujitetea."

"Huna," Loretta akasema.

Akachukua kufuli akapanda, kwa kuwa saa ilikuwa inakwenda. Mizunguko iliyobaki alilipakata kama paka. Emil alipoliona aliligeuza, akapitisha kidole kwenye pete iliyokatwa.

"Basi ndiyo sababu," akasema. "Nikawa nashangaa mbona zamu haiishi."

Mzunguko wa kumi na saba ulikuwa wa mwisho. Kileleni Loretta alimsogelea baba yake. Alimshika mkono tu, na mkono ulikuwa na sugu zilezile. Aliona shukrani imemjaa, kwa mbao zile, kwa watu wa klabu waliomwachia kiti kizuri kuliko vyote, kwa sekunde zote sabini na mbili. Kona ya mwisho ikapita. Orville akavuta mpini. Breki zikalia, treni ikasimama, na Emil Hudak alikuwa bado ameketi.

Chuma kikafunguka. Emil akalichukua kufuli mapajani mwa Loretta, akashuka kwa uangalifu, mguu mmoja kisha mwingine, akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya mnyororo. Akalitundika kufuli pale, akalibana, likajifunga kwa mlio mdogo kana kwamba halikuwahi kukatwa. Akalivuta mara mbili. Kisha akatoa ufunguo shingoni, akalifungua, akaliondoa.

"Nimeshuka!" akapaza sauti.

Orville akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Emil akasubiri. Desturi ni desturi. Akarudia, "Nimeshuka!"

"Umeshuka," Orville akasema.

"Sijasikia."

"Umeshuka!" Sauti ikaenda mpaka kwenye vibanda vya bisi.

"Haya. Umezeeka, Orville."

"Nimezeeka, Emil."

Klabu ikapiga makofi, kama inavyopiga kila treni nzuri inaporudi. Gus akatoa beji ya arobaini na moja mfukoni, akambandika Emil kifuani, na kwa haraka yake akaibandika kichwa chini.

Saa nne kasoro dakika tano alikuja Bi Kimberly, mkuu wa usalama, na simu ya upepo kiunoni. Orville akamweleza yote pale pale: kufuli, mkasi, tochi. Akasikiliza vizuri, wala hakumkatiza.

"Asante kwa kunijulisha," akasema. "Lakini faili lile lilifungwa."

"Lilifungwa na kufuli gani?" Gus akauliza.

Waliokuwa karibu wakacheka. Bi Kimberly akangoja wamalize. Akasema Dale ameshafariki, kwa hiyo hawezi kuulizwa, na kanuni haziruhusu kupokea maelezo ya marehemu. Aliyasema hayo Emil akiwa amesimama mbele yake. Emil akatikisa kichwa kukubali. Siku zote alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Bi Kimberly akasoma beji yake kwa kuinamisha shingo, akaridhika kwamba mgeni ana ruhusa. Kisha akaomba kufuli, maana ni mali ya kampuni, na Emil akampa mara moja. Lilipelekwa kwenye dirisha la vitu vilivyopotea, pamoja na miwani na meno ya bandia, likabandikwa karatasi: Kufuli. Mwenyewe hajulikani. Ufunguo hakuuulizia, na Emil akamkabidhi Loretta.

"Gari lako lina nafasi?" Emil akamuuliza bintiye.

"Lina nafasi."

"Nimsalimie mama yako. Hizo pirohi wamezimaliza?"

"Gus alikuachia mbili."

"Tatu," Gus akasema. "Msinichafulie jina."

Wakatoka pamoja kupitia lango la kutokea, Emil akila, na chuma cha kuhesabia watu kikageuka mara mbili, kwake na kwa Loretta. Nje umma ulikuwa umeshaanza kuingia, watoto wanakimbia. Kwenye kibanda cha tiketi msichana wa zamu alikuwa anapapasa mifuko yake, na mwenzake akamcheka kwa sauti.

"Umefanya Emil tena wewe! Kila siku! Emil, Emil, Emil!"

Emil akasimama, akageuka, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Naam?" akaitikia.

Hakuna aliyemjibu, wale wasichana walikuwa na foleni ndefu. Loretta akamshika mkono.

"Si wewe, Baba. Twende."

"Nimesikia jina langu."

"Wanakumbushana tu."

"Kukumbushana nini?"

Loretta alifikiri ajibu vipi. "Kufunga," akasema.

Uso wa Emil ukachangamka. Akawatazama wale wasichana kwa upendo, akawapungia mkono ambao hawakuuona.

"Vizuri sana," akasema. "Wafunge."